Chuma namba 3 cha Seve, na kedi mwenye fimbo moja

Kedi (mbeba fimbo za wachezaji gofu) wa Kitante, Kampala, au wa Entebbe akiuliza aanze kujifunza gofu na fimbo zipi, jibu langu ni lilelile: anza na hiyo uliyo nayo. Wengine hudhani namfariji tu. Basi tumtazame mchezaji gofu wa Hispania, Seve Ballesteros.

Alizaliwa mwaka 1957 Pedreña, kijiji cha pwani kaskazini mwa Hispania. Mjomba wake, Ramón Sota, alikuwa mchezaji wa kulipwa, na kaka zake wakafuata njia hiyohiyo. Seve mwenyewe alikuwa kedi. Uwanja ulikuwa wa wanachama, kwa hiyo aliingia kwa kunyemelea, au alikwenda kufanya mazoezi ufukweni na fimbo moja tu, chuma namba 3 alichopewa na kaka yake Manuel. Mwaka 1974, kabla ya kutimiza miaka 17, akaingia gofu ya kulipwa. Mwaka 1978 alikuja hapa jirani, uwanja wa Muthaiga jijini Nairobi, akatwaa Kenya Open. Kisha yakaja mashindano makubwa: The Open ya Uingereza mwaka 1979, 1984 na 1988, na Masters ya Marekani mwaka 1980 na 1983.

Chuma namba 3 kina uso (sehemu inayogonga mpira) uliosimama, umelala nyuma digrii 20 hadi 24 hivi tu, wakati weji ya mchangani, fimbo ya kuinulia mpira, ina kama 56. Kimetengenezwa kupiga mbali na chini. Mtoto anayetaka kuinua mpira kwa chuma hicho hana budi kuutafuta mwinuko mikononi mwake. Nao mchanga wa ufukweni uliolowa na kushikamana haumsamehe mtu: ukigusa ardhi kabla ya mpira, mpira hauendi popote.

Sasa zoezi lenyewe la fimbo moja. Anza na mpira wa kubingirika. Mpira uwe karibu na mguu wa kulia (kwa anayepiga kwa mkono wa kulia), mikono itangulie mbele ya mpira, uzito ukae mguu wa kushoto, na vifundo vya mikono visikunjike. Kwenye griini (nyasi fupi zenye shimo) iliyo tambarare, kadiria safari fupi hewani na ndefu zaidi ardhini. Asubuhi ya umande au baada ya mvua ya Kampala, mbingiriko huo hupungua sana. Kosa la kawaida ni kujaribu kuusaidia mpira upae: kifundo cha mkono kinakunjika, ukingo wa chuma unapanda, unaupiga mpira kichwani nao unavuka griini nzima. Mwaka 1976 kwenye The Open pale Royal Birkdale, Seve akiwa na miaka 19, aliupitisha mpira wa aina hii ardhini katikati ya banka (mashimo ya mchanga) mbili kwenye shimo la mwisho, akamaliza nafasi ya pili sawa na bingwa wa Marekani Jack Nicklaus.

Mpira wa kupaa ndio mgumu. Chukulia shabaha ni saa 6 kamili mchana, yaani namba 12 ya saa ya ukutani. Fungua uso wa chuma uelekee namba 1, *halafu* ndipo ushike mpini. Mpangilio huo ndio siri yote. Ukishika kwanza kisha ukazungusha mikono, uso utajifunga wenyewe unapofika kwenye mpira, na shuti litakwenda chini kushoto. Sogeza mpira mbele, panua miguu, kunja magoti, shusha mikono, na elekeza mwili kushoto kidogo ya shabaha. Piga ukifuata mstari wa miguu.

Kwenye banka fungua zaidi, karibu na namba 2, na uingie mchangani sentimita 3 hadi 5 nyuma ya mpira. Ukisimamisha mikono katikati ya shuti, ukingo mwembamba wa chuma namba 3 utachimba na kubaki humo. Mchanga ukiwa umelowa, acha zoezi hili siku hiyo.

Mpira usiutengenezee kitanda. Kule Jinja iliwahi kuwapo kanuni ya uwanja ya kuinua mpira bila adhabu ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, na sina ugomvi nayo. Lakini mazoezini, upige pale ulipolala.

Sasa upande wa pili, ambao mashabiki wa Seve hawapendi kuusikia. Mikono hiyohiyo ilimponza kwenye draiva, fimbo ndefu ya shuti la kwanza. Mwaka 1979 kwenye The Open pale Royal Lytham, katika shimo la 16 siku ya mwisho, mpira wake ulitua kulia kwenye maegesho ya magari. Akapewa nafuu ya kuuhamisha mpira bila adhabu, akaufikisha griini na kupata pungufu ya moja, yaani mkwaju mmoja chini ya kiwango cha shimo. Akashinda kwa mikwaju 3. Ni ajabu kuitazama, ila huwezi kuijengea taaluma, na mgongo ulipozidi kumsumbua, mashuti ya kwanza yalipotea zaidi na zaidi. Taji lake la mwisho la ziara ya Ulaya, mfululizo wa mashindano ya kulipwa, ni la 1995. Kwa hiyo zoezi la fimbo moja hukupa mchezo wa karibu na griini. Unyoofu wa draiva utautafuta kwingine.

Fimbo ya pili ukiipata, iwe weji ya digrii 56, maana draiva ya kukodolewa macho haitakupunguzia mikwaju. Ikiwa ni ya mtumba, kagua mpini kwanza. Raba ya mpini iliyokauka na kung'aa huteleza, ikiteleza unaubana mpini, na mkono uliobana haufungui uso wowote.