Kifafa cha mtoto mchanga si lazima adondoke na kutoa povu
Wengi tumekua tukiambiwa kifafa lazima mtu adondoke, akakamae, atoe povu, basi mtoto asipofanya hivyo tunasema ni mchango au tumbo linamsokota. Sio kweli jamani. Kuna aina moja kali sana, sindromu ya West, mara nyingi inaanza kati ya miezi 3 na 12, na kwa macho wala haifanani na kifafa: mtoto ndo kwanza kaamka, ghafla kichwa kinainama, mikono inaruka kama kashtuliwa, sekunde moja mbili imeisha, halafu inarudi tena na tena kwa mfululizo. Daktari West, Mwingereza, aliielezea mwaka 1841 kwa kumtazama mwanae mwenyewe, hana mashine wala nini. Siku hizi kipimo ni EEG, zile waya za kichwani zinazosoma umeme wa ubongo, na inafaa apimwe akiwa amelala pia. CT skani, ile picha ya ndani ya kichwa, inaweza kutoka safi kabisa na ugonjwa upo. Mrekodi kwa simu, video ya dakika moja daktari anaielewa kuliko maelezo yako ya nusu saa, na kama ameacha kutabasamu usingoje kliniki ya mwezi ujao.