Kabla hujanunua mashine ya kukata nyasi, pima nyasi zako kwanza

Kazi yangu ni kutengeneza hizi mashine, kwa hiyo watu wengi nawaona mashine yao ishakataa kuwaka au inazima katikati ya kazi, na nikianza kuwauliza uwanja wao ukoje mara nyingi nakuta mashine haina kosa, ilipewa tu kazi isiyo yake. Na wote swali lao ni moja, "fundi, nichukue yenye hosipawa ngapi?" Hosipawa, yani nguvu ya injini, zisubiri. Niambie una mita ngapi za mraba za nyasi, na nasema nyasi, sio kiwanja, manake kiwanja cha mita 1,000 ukitoa nyumba, ukitoa sehemu ya gari, njia na maua, unaweza kubaki na mita 300 tu za kukata na hapo hesabu yote imegeuka.

Ukishapata hizo mita, angalia upana wa kukata, ule ulioandikwa kwa sentimita kwenye boksi. Mtu akitembea mwendo wa kawaida nyuma ya mashine anaenda kama kilomita 4 kwa saa, sasa mashine ya sentimita 50 kwenye karatasi ingemaliza mita za mraba 2,000 kwa saa, lakini toa kugeuka, toa ile mistari inayopandana kidogo ili usiache vinyweleo, toa kumwaga kapu linalokusanya nyasi, unabaki na 1,400 hivi, kwa mtu asiyesimama simama kupokea simu. Ya sentimita 35 fanya 1,000. Jiulize uko tayari kusukuma kwa muda gani kila wiki, hapo umeshapunguza nusu ya mashine zilizopo dukani.

Chini ya mita 200 mimi nakwambia chukua ile ya kusukuma kwa mkono isiyo na injini, yenye visu vya kuzunguka kama pipa. Watu wanaidharau eti ya kizamani, na kweli Mwingereza Edwin Budding aliibuni mwaka 1830, ila inakata kama mkasi, kisu kinapita juu ya bapa la chuma lililotulia na jani linakatika safi, wakati hizi za kisu kimoja kinachozunguka chini zinalipiga jani kwa kasi, kisu kikiwa butu ncha zinachanika zinakuwa kahawia. Ukitaka kujua iko sawa weka kipande cha karatasi kati ya kisu na bapa, zungusha taratibu kwa mkono (vidole mbali!), ikikata karatasi bila kuikunja basi iko tayari, ikikunja kaza skrubu za pembeni kidogo kidogo pande zote mbili. Ubaya wake, nyasi ndefu haiziwezi, inazilaza halafu zinainuka nyuma yako zinakucheka. Kwa hiyo kama wewe ni wa kukata mara moja kwa mwezi achana nayo hata uwanja ungekuwa mdogo vipi.

Kuanzia 200 mpaka 600 hivi ni ya umeme. Ya waya ni nyepesi na haina mambo mengi, ila ukiwa na miti mitatu minne ule waya utakuchosha, na ukiunga ekstensheni nyembamba ndefu umeme unapungua njiani, mota inachemka, nimeshazifungua nyingi zina harufu ya kuungua. Ya betri ni raha zaidi lakini usiangalie volti peke yake, zidisha volti kwa ampea saa (Ah kwenye betri), unapata wati saa, ndio chaji yote betri inayobeba. 36 mara 5 ni wati saa 180, 40 mara 2 ni 80 tu, yani yenye volti kubwa inakuacha katikati ya uwanja mapema zaidi. Na nyasi nene au zenye umande zinakula chaji vibaya sana.

Kupita hapo mpaka kama 2,000, petroli ya stroku nne (ile usiyochanganya oili kwenye petroli), upana wa sentimita 46 mpaka 53, na ikiwa ile inayojivuta yenyewe mgongo utakushukuru. Chagua inayovutwa na magurudumu ya nyuma, manake kapu likijaa uzito unarudi nyuma, ya mbele yanakuwa mepesi yanateleza hasa kwenye kupandisha. Petroli usiiache ndani miezi na miezi, inaganda inaziba kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa, na hilo ndilo linaloniletea wateja kuliko kitu kingine chochote. Lingine ni kuilaza ovyo wakati wa kusafisha chini, toa waya wa plagi ya injini, ile inayotoa cheche, kwanza, halafu inua upande ili plagi na filta ya hewa vibaki juu, ukiigeuza vibaya oili inaingia kwenye filta na ukiwasha unapata moshi mweupe unadhani injini imekufa.

Ya kukalia? Zaidi ya nusu ekari, ndio, kama pako wazi. Uwanja wa mita 2,500 uliojaa miti na kona utaishia kushuka kila dakika kumalizia na mashine nyingine. Mteremko mkali zaidi ya nyuzi 15 usipande nayo kabisa inapinduka, na hata pale panaporuhusu unakata kwa kupanda na kushuka, sio kukatisha mlima. Ile ya kusukuma ni kinyume, unakata kwa kukatisha, ili ukiteleza isije juu ya miguu yako.

Kingine kinachobadilisha kila kitu ni unakata mara ngapi. Kanuni ni usitoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mpigo, ukitaka nyasi zibaki sentimita 5 kata zikifika 7 na nusu. Ukifuata hivyo mashine ndogo inatosha, ukiziacha zifike magotini hata yenye injini kubwa itakohoa, hapo anza na mashine ya kufyekea ya begani ndio uje na hii.

Halafu kabla hujalipa pima geti la kuingilia huko nyuma na sehemu utakayoihifadhi, manake nimeshaona mtu ameshusha ya kukalia mpya kabisa na haipiti.