AC ya nje hapa Malindi: tunavyodanganyana na mambo yalivyo

Kila ikifika Disemba kaskazi imeanza na usiku hakulaliki, simu yangu nayo hailali. Fundi njoo AC haipoi, fundi hii niliwekewa mwaka jana tu, fundi inanguruma kama posho mill. Mimi nafunga na kutengeneza AC na mafriji hapa Malindi, na wallahi nyingi ninazoitiwa hazikufa kwa uzee, zilianza kufa siku ile ile zilipofungwa. Na ukiuliza ilikuaje, kuna neno mtu aliambiwa akaliamini. Haya ndo maneno yenyewe.

“Iweke upande wa bahari ndo ipate upepo”

Hili ndo baba lao. Watu wanadhani ile mashine ya nje inavuta upepo wa bahari inauingiza chumbani. Haiingizi hata pumzi moja ya hewa. Kazi yake ni kutupa nje joto la chumbani, basi. Gesi inatoka ndani imebeba joto, kompresa inaikandamiza inazidi kuwa moto, inapita kwenye mabomba ya shaba yaliyovishwa vibati vyembamba vya alumini, feni inapuliza hapo, joto linaondoka. Sasa angalia upepo wetu, kusi yatoka kusini mashariki na kaskazi yatoka kaskazini mashariki, zote mbili zaja na maji ya bahari, kwa hivyo ukuta unaotazama bahari unakula chumvi mwaka mzima hauna likizo. Na chumvi ikilowa pale shaba inapokutana na alumini inafanya kama betri ndogo, inayoliwa ni alumini.

Kuna nyumba moja Casuarina, kutoka uani mpaka majini ni mwendo wa kurusha jiwe, nilifungua AC yao nikapitisha kidole tu kwenye vile vibati vikameguka kama biskuti iliyokaa kwa chai, nikabaki na unga mweupe mkononi. Kompresa nzima kabisa, feni nzima, lakini joto halina pa kutokea. Mwenye nyumba alisimama pale akaniangalia kama ni mimi nimeivunja.

Na upepo mkali ukiipiga feni usoni unashindana nayo, inapuliza huku inarudishiwa. Iweke nyuma ya nyumba au ubavuni, ukuta ukae kati yake na bahari. Kama huna namna, nunua ile ambayo vibati vyake vimepakwa rangi ya bluu au ya dhahabu, sio urembo ule, ni kinga. Inachelewesha tu lakini, haizuii.

“Mimi naiosha kila wiki, haiwezi kuoza”

Kwa maji gani? Ndo swali. Nusu ya wanaoniambia hivi wanaosha kwa maji ya kisima, na visima vyetu vingi vya huku chini ukionja unajua, ni chumvi. Unaongeza chumvi juu ya chumvi halafu unasema umesafisha. Tumia maji ya mfereji, yale ya Baricho, au ya mvua, mpira wa kawaida bila presha, maana mashine ya kuoshea magari inalaza vile vibati vyote hewa isipite tena. Na zima breka kwanza, usizime kwa rimoti ukaona umemaliza.

“Fungia grili, wezi wengi”

Wezi wapo sikatai, shaba ina soko. Lakini welda anakutengenezea sanduku la mabati pande nne na mlango na kufuli, imebaki kuandika jina la marehemu. Hewa moto inatoka, inagonga bati, inarudi, inavutwa tena. Mashine inajipuliza jasho lake mwenyewe. Chumba hakipoi, bili inapanda, mchana wa Februari kompresa inajizima kwa joto halafu naitwa mimi niongeze gesi.

Mbele ya feni panatakiwa pawe wazi kabisa, kama mita moja au zaidi, nyuma angalau upana wa kiganja na vidole vyake, na kitabu cha mashine yako kikisema zaidi fuata kitabu. Ukitaka grili weka ya nondo zilizoachana, na usiitundikie nguo. Ndio, nimeshakuta leso zimeanikwa juu yake, mama anasema zinakauka haraka. Zinakauka kweli, siwezi kubishana na mama.

Hapo hapo kuna wanaosema adui ni jua kwa hivyo waijengee kibanda cha makuti. Kivuli kizuri, mti mzuri, lakini kivuli kinachoziba hewa ni kibaya kuliko jua lenyewe. Na makuti mimi sitaki hata kusikia. Waya ukilegea pale ukatoa cheche, na makuti ya kiangazi unayajua yanavyoshika, jirani hata ndoo hajapata kuijaza.

“Pigilia popote, ukuta ni mawe”

Mawe gani sasa. Kuta zetu nyingi ni matumbawe, laini, yana vitundu, ukichoma na drili unasikia mwenyewe inazama kama kwa andazi. Ile ya nje ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ina uzito wa kama kilo 30 hivi, na inatetemeka usiku na mchana. Plagi za plastiki haziwezi. Mimi natoboa ukuta mpaka upande wa pili, napitisha bolti ndefu, na nyuma naweka bamba la chuma kabla ya nati ili uzito ugawanyike. Bolti iwe stenlesi, na breketi iwe imechovywa zinki, popote nilipokata au kutoboa napaka rangi papo hapo, kwa sababu kutu inaanzia pale. Ikiwezekana lakini usitundike kabisa, mwaga slabu ya zege chini, inue kidogo kwa mvua za Mei, maisha yaendelee. Haitaangukia mtoto wa mtu.

Na fundi anayepanda juu ya kiti cha plastiki kwenye baraza ya ghorofa ya pili na mashine begani mwambie ashuke. Nimefanya hivyo mimi enzi zangu, nikikumbuka nakaa chini.

“Gesi huisha, lazima uongeze kila mwaka”

Gesi ya AC sio petroli. Haichomwi, haitumiki, inazunguka tu ndani ya mabomba miaka yote. Ikipungua inavuja. Anayekuongezea bila kutafuta panapovuja amekuuzia kitu kitakachotoka mlango ule ule. Pa kuanzia ni viungo vya nje, paka povu la sabuni kwenye nati uangalie, likitoa vipovu vidogo vidogo hapo ndo penyewe, mara nyingi ni ile ncha ya bomba haikupanuliwa vizuri au nati ilikazwa kwa nguvu za hasira.

Gesi nazo si moja. Mashine za zamani R22, halafu zikaja R410A ambayo presha yake ni kama mara moja na nusu na zaidi ya ile, na mpya nyingi sasa ni R32 ambayo inaweza kushika moto, si kwa urahisi, lakini inaweza. Soma kibandiko ubavuni. Jamaa mmoja aliniuliza kama anaweza kutia gesi ya kupikia kwa sababu amesikia inapoza. Inapoza ndio. Halafu ikivuja chumbani umelala milango imefungwa na swichi ikatoa cheche, sijui atapoza nini hapo.

“Kutoa hewa, fungua gesi kidogo itoe tsss”

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo nilikosea mwenyewe. Nilivyofundishwa kazi ilikuwa hivi, ukishaunganisha mabomba unafungua gesi kidogo, nati ya upande wa pili umeilegeza, inatoa tsss, unahesabu mpaka tano, unakaza. Umemaliza, chai. Nimefunga nyingi hivyo na zote zilipoza siku ile, ndo tatizo, siku ile zinapoza. Mteja wangu mmoja wa Shela ya hapa hapa Malindi, mtu mzima namwita ami, yake ilikuwa inapoza nusu saa inaacha, ikipumzika inapoza tena, nikaongeza gesi nikapunguza gesi, baadaye kompresa ikafa. Ilikuwa ni maji. Hewa ya Malindi imejaa unyevu, ile tsss inatoa hewa kidogo lakini unyevu ulioshika bomba kwa ndani unabaki, unaganda mahali pembamba gesi inaposukumwa, na ukichanganyika na mafuta ya kompresa unatengeneza asidi inayoila taratibu. Ami alinilipa nauli akaniambia asante. Sikulala.

Inavyotakiwa ni kujaza naitrojeni kwanza kwa presha, uache, uangalie geji kama inashuka. Oksijeni ya welda usithubutu, oksijeni ikikutana na mafuta chini ya presha inalipuka, mafundi wamekufa hivyo. Halafu unaunganisha pampu ya vakyumu, inavuta mpaka maji yenyewe yanachemka mle ndani bila moto yanatoka kama mvuke. Geji nzuri ikisoma chini ya maikroni 500, kipimo cha hewa iliyobaki mle ndani, funga, subiri, ikipanda juu kuna kitu. Ndo unafungua gesi. Kwa hivyo fundi akimaliza kuunganisha na hukusikia pampu inanguruma uani, muulize.

“Ina plagi, chomeka tu”

Usichomeke kwa ekstensheni ya TV. Ipe waya wake kutoka kwa boksi na breka yake peke yake, kwa ndogo waya wa unene wa 2.5 (milimita mraba), kwa BTU 24,000 au kama boksi liko mbali weka 4, na swichi ya kukatia stima karibu na ile ya nje ili anayetengeneza ajue mwenyewe imezimwa. Hata ikizimwa kapasita ndani, kile kidude kinachohifadhi stima, inabaki na stima yake, kwa hivyo usitie bisibisi kwa udadisi. Na waya wa athi, ule unaopeleka stima iliyovuja ardhini, huku kwetu kwenye mchanga mkavu sio kupigilia fimbo tu ukaenda, ipimwe na mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi. Friji gadi, kile kifaa cha kukinga mashine stima ikiyumba, pia nunua ya saizi ya AC, stima ikirudi inaichelewesha dakika kama 3 presha itulie.

“Lamu hakuna nafasi, weka hata kichochoroni”

Nilienda kufunga moja Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, mashine tukaivusha na boti kutoka Mokowe, punda akaipeleka mpaka mlangoni. Mwenyeji akanionyesha ukuta wa kichochoro. Mimi nikinyosha mikono nagusa nyumba mbili, na dirisha la jirani liko usawa wa feni, bibi amekaa hapo anasuka mkeka. Joto lote lingekuwa la bibi. Halafu mji ule ni urithi wa dunia tangu 2001, kuta za kale hazitobolewi hivi hivi, unaulizia ruhusa makumbusho kwanza. Tukapanda kwenye paa bapa, tukaiweka juu ya vibao vya zege upande usiotazama maji, mabomba tukayashusha kwenye kiwanda, yaani ule ua wa ndani ya nyumba. Yalikuwa marefu zaidi kwa hivyo kitabu kilitaka gesi iongezwe kwa mizani, na siku moja ikawa siku mbili. Yule bibi siku ya pili alituletea mahamri na chai, hakujua hata tulikuwa tunataka kumfanyia nini.