Orodha ya vifaa hurekebishwa kwenye modeli, si kwenye Excel

Siku moja nilimtuma kijana hadwea akanunue beringi nne za UCP205 kwa ajili ya mashine ya kupukuchua mahindi. Akarudi nazo zimo kwenye boksi zake, risiti safi, chenji kamili. Fundi akachukua shafti aiingize, ikagoma. "Injinia, hii shafti ni ya thelathini," akaniambia, kalipa ya kupimia kipenyo ikiwa mkononi. Kweli ilikuwa ya milimita 30, na niliyeinenepesha ni mimi mwenyewe, wiki mbili kabla. UCP205 ni ya shafti ya 25. Ya 30 ni UCP206.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba nilikuwa nimelikumbuka jambo hilo. Nilipobadili shafti kwenye SolidWorks, programu tunayochorea mashine kwenye kompyuta, nilipanua na tundu la beringi, lakini maelezo ya ile beringi ndani ya faili lake nikayaacha vilevile. Badala ya kuyafungua, nikaenda kwenye orodha ya vifaa iliyoko Excel nikafuta 205 nikaandika 206. Sekunde tano, kazi imekwisha. Baada ya siku chache nikaongeza kinga ya mkanda, nikatoa orodha upya kutoka SolidWorks, faili jipya likalala juu ya la zamani, na 206 yangu ikapotea.

Orodha iliyoko Excel ni picha tu ya modeli, yaani ile mashine iliyochorwa SolidWorks. Ukiichora picha masharubu, mwenye sura hataota ndevu. Tangu siku ile nina sharti moja karakanani: neno likikosewa kwenye orodha, hufunguliwa faili la kipande chenyewe, hurekebishwa huko, kisha orodha hutolewa upya. Hata kama ni herufi moja.

Kitendo chenyewe cha kuitoa hakina maajabu. Kwenye mchoro wa mashine nzima unaingia Insert, Tables, Bill of Materials, jedwali linatokea, unalibofya kulia, unachagua Save As, kisha Excel au CSV, faili la maandishi matupu ambalo Excel hulifungua. Mtoto wa fildi anajifunza hilo asubuhi moja. Kazi iko kabla ya hapo, kwenye yale maelezo ambayo kila kipande kinatakiwa kuyabeba: namba yake, jina linaloeleweka dukani, malighafi, na kama kinanunuliwa au kinatengenezwa hapa hapa. Maelezo hayo huingizwa kwenye sifa za faili, na safu za jedwali huyasoma kutoka huko. Mimi nimeyaweka kwenye kiolezo, kwa hiyo kila kipande kipya huzaliwa na nafasi tupu zinazonidai. Nafasi tupu kwenye orodha ni deni la mchoraji.

Kisha kuna swali la aina ya orodha. SolidWorks inakupa tatu. Top-level only inaonyesha vikundi vikubwa tu: fremu, ngoma, hopa, injini. Inamfaa anayeunganisha. Parts only inavunja vikundi vyote na kujumlisha vipande vinavyofanana popote vilipo, na hiyo ndiyo ya mnunuzi. Indented inaonyesha kipande kipi kimo ndani ya kikundi kipi. Nimewahi kuona mtu akimpa mnunuzi ile ya Top-level, akaulizwa "ngoma" inauzwa duka gani.

Jihadhari na bolti. Wengi wetu huchora bolti moja ya M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, kisha tunaitengenezea urefu tofauti ndani ya faili lilelile: milimita 30, 40, 60. Kwenye mipangilio ya jedwali kuna mahali pa kuamua kama matoleo ya kipande kimoja yahesabiwe pamoja au kila toleo liwe na mstari wake. Ukiacha yahesabiwe pamoja, utapata mstari mmoja unaosema bolti M10, 46, na mwenye duka atakupa 46 za urefu anaotaka yeye.

Mabomba ndiyo yanayokula fedha kimyakimya. Fremu ikichorwa kama kitu cha kuchomelewa, jedwali la kawaida huiandika mstari mmoja: fremu, 1. Ili vipande vyake vionekane na urefu wake, chagua Indented kisha weka tiki kwenye Detailed cut list, yaani orodha ya vipande vya kukatwa. Sasa utaona, tuseme, vipande 14 vya bomba la mraba la 40 kwa 40, kila kimoja milimita 1,250. Excel itakujumlishia bila kusita: mita 17.5. Bomba dukani ni la mita 6, ukigawanya unapata 2.9, basi nunua matatu.

Fundi atakata hadi kipande cha 12, kisha ataanza kukutafuta.

Bomba la mita 6 linatoa vipande vinne tu vya urefu huo. Ukiipa diski ya kukatia milimita 3 kila inapopita, mabaki ni 988, na mabaki mawili hayageuki kipande kimoja, labda ukubali kiungo katikati ya mguu wa mashine inayotetemeka kutwa nzima. Mimi sikubali. Kwa hiyo kwenye karatasi ya pili ya Excel nina hesabu nyingine kabisa: 6000 gawanya kwa 1253, shusha hadi namba kamili, unapata 4; kisha 14 gawanya kwa 4, pandisha, unapata mabomba 4. Vile virefu hupangwa kwanza, na fito fupi za milimita 450 hutolewa kwenye mabaki, mbili kwa kila 988. Karatasi hii haigusi orodha, inaisoma tu, kwa hiyo nikitoa orodha mpya hesabu hujibadili zenyewe.

Excel nayo ina ujuaji wake. Namba zetu za vipande zilikuwa za mtindo wa 05-12, yaani mashine ya tano, kipande cha 12. Ukifungua CSV kwa kubofya mara mbili, Excel inaamua kwamba hiyo ni tarehe, kwa mfano 5 Desemba. Namba 00417 inabaki 417. Alama ya kipenyo, Ø, inaweza kugeuka herufi mbili za ajabu. Tusijione wajinga, maana wanasayansi wa jeni walichoka vilevile hadi mwaka 2020 majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT1 yakabadilishwa rasmi ili Excel isiyafanye tarehe. Dawa ni kuingiza faili kupitia Data, From Text/CSV, kuchagua UTF-8 (mfumo wa herufi unaozitambua alama kama Ø), na kuitangaza safu ya namba kuwa maandishi. Sisi tuliongeza herufi mbele, sasa ni P05-12, na ugomvi ukaisha.

Asiye na leseni ya SolidWorks asikate tamaa. FreeCAD ni ya bure, na toleo lake la 1.0 la Novemba 2024 lilikuja na sehemu ya kuunganisha mashine yenye kitufe cha kutengeneza orodha ya vifaa. Si laini kama ile ya kulipia, ila kwa mashine ya ukubwa wetu inatosha.

Kabla orodha haijatoka mkononi mwangu kwenda kwa mnunuzi, nachagua mistari mitatu: beringi moja, bolti moja, bomba moja. Narudi kwenye modeli nahesabu kwa macho na kupima kipenyo. Dakika kumi. Beringi huwa naanza nayo.