Mpira wa Mkojo Ukigoma Kutoka

Kinachoushikilia mpira wa mkojo mwilini si plasta ya pajani, ni puto dogo karibu na ncha yake, lililojazwa maji likiwa ndani ya kibofu. Kwa mtu mzima kwa kawaida ni mililita 10. Baada ya upasuaji wa tezi dume huweza kufika 30. Kiasi kimechapishwa kwenye mdomo wa pembeni, ule usiopitisha mkojo. Kisome kwanza.

Mhudumu anayetoa mpira apachike bomba la sindano tupu kwenye mdomo huo, kisha ayaache maji yarudi yenyewe. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Ukivuta kwa nguvu, kuta za njia ya maji iliyo ndani ya mpira, ambayo ni nyembamba sana, hunywea na kushikana, na maji hukwama hata kama puto ni zima. Mipira ya silikoni ina tabia nyingine: puto likifyonzwa hujikunja kama ukosi wa shati na kukwaruza njia nzima ya mkojo. Rudisha nusu mililita hadi moja ya maji, ukosi utanyooka, kisha toa taratibu.

Maji yakigoma kabisa, fuata mpira kwa vidole kuanzia mwilini hadi kwenye mfuko. Huenda umepinda, au mgonjwa ameulalia. Ageuke upande. Muulize pia kuhusu choo, kwani choo kigumu kilichojaa nacho huubana. Badili bomba la sindano, ongeza mililita 2 au 3 kuzibua njia, usubiri tena. Ikishindikana, hiyo ni kazi ya hospitali yenye daktari wa upasuaji, kama ya rufaa ya mkoa wa Tanga pale Bombo. Huko njia huzibuliwa kwa waya mwembamba, au puto hutobolewa kwa sindano ndefu huku daktari akiliona kwa altrasaundi.

Tafadhali, nyumbani msiukate mpira. Kipande kinaweza kuzama ndani. Msiuvute puto likiwa limejaa, maana njia ya mkojo huchanika na kovu lake huja kuuziba mkojo baadaye. Wala msilijaze puto mpaka lipasuke. Vipande vikibaki kibofuni, mawe huota juu yake.

Wakati mwingine maji yote yametoka na mpira bado umeshika. Hapo shaka ni ukoko. Bakteria kama Proteus huvunja urea ikawa amonia, mkojo hupoteza asidi, na madini huganda kwenye ncha, mfano wa ule ukoko mweupe ndani ya birika la maji ya kisima chenye chumvi. Usilazimishe, apelekwe hospitali akapigwe picha.

Puto lijazwe maji ya sindano, si ya dripu, kwa kuwa chumvi yake huweza kuganda na kuziba njia. Andikeni tarehe ya kuwekwa: mpira wa lateksi uliopakwa tefloni usizidi wiki 4, wa silikoni wiki 12.

Homa ya kutetemeka, mabonge ya damu, au mkojo kukatika huku tumbo la chini likivimba: mgonjwa aliye wilayani, Pangani au Mkinga, aondoke kwenda hospitali hiyo usiku uleule.