Mwanga, Gome na Kiini: Kupiga Picha Zinazofaa Katika Misitu ya Lindi na Mtwara

Wengi wanaotuletea picha za miti ili tuwasaidie kuitambua hulalamika kwamba msituni kuna giza. Kwa uzoefu wangu wa misitu ya Lindi na Mtwara, kinachoharibu picha nyingi si giza bali ni jua. Saa sita mchana katika msitu wa Rondo, miali hupenya kati ya matawi na kutua chini madoamadoa. Jicho la binadamu huona doa na kivuli kwa pamoja bila taabu, lakini kamera hushindwa, hivyo doa hutoka jeupe tupu, kivuli hutoka cheusi tii, na gome la mti uliokusudiwa halionekani kabisa.

Kwa hiyo ni vyema kuingia msituni mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, au kuchagua siku ya mawingu. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na watu wengi huuona kuwa haufai kwa kazi hii. Mimi naupenda kuliko misimu yote, kwa sababu wingu huutawanya mwanga sawasawa, mvua huosha vumbi la majani, na miti mingi inayopukutisha majani wakati wa kiangazi huwa imechanua au imefunika matawi yake.

Anayetumia simu aguse kioo mahali penye sehemu angavu na kushikilia kidole kwa muda. Katika simu nyingi mwangaza hujifunga, na pembeni hutokea alama ya jua inayoweza kushushwa kidogo. Picha yenye giza kidogo hurekebishika baadaye, lakini sehemu iliyoungua kwa mwanga haina tena cha kurudishwa. Penye kivuli kizito kamera hukaa wazi kwa muda mrefu zaidi, na mkono ukitikisika picha huwa na ukungu. Egemeza simu kwenye shina au tumia kipima muda cha sekunde mbili. Usivute picha karibu kwa vidole, sogea wewe mwenyewe.

Picha ya utambuzi hutaka zaidi ya uzuri. Chukua mpingo, mti ambao wachongaji wa Kimakonde wameujengea sanaa yao na ambao wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji vya Kilwa huutunza katika misitu ya vijiji. Ukipigwa kwa mbali unafanana na kichaka chochote chenye miiba. Piga kwanza mti mzima pamoja na mazingira yake, kisha gome kwa karibu, jani zima lenye vijani vyake likionekana upande wa juu na wa chini, miiba, na maua madogo meupe au maganda membamba yaliyo bapa, kama yapo. Weka rula au kalamu kando ya jani ili ukubwa wake ujulikane. Palipo na kisiki, piga uso wake uliokatwa, kwa kuwa kiini cheusi kilichozungukwa na mti wa rangi ya krimu humaliza ubishi haraka kuliko maelezo marefu.

Jambo moja linaniumiza moyo. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, na taarifa hiyo, ikisambazwa pamoja na picha ya mpingo mnene, humwonyesha mvunaji haramu njia. Zima huduma hiyo kabla ya kuweka picha hadharani. Kwa utafiti au doria, tunza mahali hapo katika daftari.

Kuingia katika hifadhi ya msitu ya serikali huhitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na katika msitu wa kijiji ridhaa ya serikali ya kijiji.

Usiku ndipo wanapotoka komba, akiwemo komba wa Rondo, mdogo mno, mwenye uzito wa takribani gramu 60, ambaye ulimwengu wa sayansi ulimtambua rasmi mwaka 1997. Macho yake hurudisha mwanga wa kurunzi, na hilo humshawishi mpiga picha kuwasha flashi. Usiiwashe. Tumia kurunzi yenye mwanga mwekundu hafifu, imulike kando yake, na ukipata picha mbili au tatu zima taa ili aendelee kutafuta wadudu wake.