Je, wajua kwa nini Watanzania hawakupiga kura ya urais Magufuli alipofariki?

Usiku wa tarehe 17 Machi 2021, katikati ya janga la UVIKO-19, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alilitangazia taifa kifo cha Rais John Magufuli. Tarehe 19 akaapishwa Ikulu, Dar es Salaam, mbele ya Jaji Mkuu Ibrahim Juma. Zambia ilipofiwa na Rais Michael Sata Oktoba 2014, wapigakura walirudi vituoni Januari 2015. Mbona Tanzania haikurudi?

Kwa sababu kura ilikuwa imeshapigwa. Makamu wa Rais huchaguliwa akiwa mgombea mwenza: ukimpigia mmoja, umewapigia wote wawili. Waliomchagua Magufuli tarehe 28 Oktoba 2020 walimchagua na Samia, hata kama jina lake hawakulitazama mara mbili. Kiti kikibaki wazi, Ibara ya 37(5) ya Katiba inataka Makamu aapishwe na awe Rais kwa muda uliobaki wa miaka mitano. Huyo si kaimu, ni Rais kamili. Ndiyo maana aliweza kugeuza msimamo wa serikali kuhusu korona: Aprili akatangaza kuunda kamati ya wataalamu, na Julai 28 akachanjwa hadharani.

Pengo likahamia kwenye umakamu, na hapo Muungano una sharti lake: Rais akitoka upande mmoja, Makamu atoke upande wa pili. Samia ni Mzanzibari, hivyo alitakiwa mtu wa Bara. Rais hushauriana na chama chake, kisha jina huenda bungeni, ambako linahitaji angalau nusu ya wabunge wote, si ya waliohudhuria tu. Machi 30 Philip Mpango, Waziri wa Fedha na Mbunge wa Buhigwe, alipata kura zote 363. Kesho yake akaapishwa. Uchaguzi pekee uliozaliwa na mabadiliko hayo ukawa wa Buhigwe, Kigoma, kujaza kiti alichokiacha.

Panapokanganya wengi ni vipindi. Ibara ya 40(4) inasema Makamu aliyerithi urais kwa chini ya miaka mitatu anaweza kugombea mara mbili. Ikifika mitatu au zaidi, mara moja tu. Magufuli alikuwa ameapishwa Novemba 5, 2020, kwa hiyo Samia alirithi zaidi ya miaka minne.